Gari Lako Uwanja wa Mbio: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa jamaa zetu wanaotaka kupeleka gari lao uwanja wa mbio kwa mara ya kwanza, na kwa wale waliokwisha kwenda mara mbili tatu wakarudi wakijiuliza kwa nini vigari vidogo viliwapita. Mimi naendesha Mazda MX-5 kuukuu, toleo la pili, hasa Brands Hatch kule Kent na Snetterton kule Norfolk. Ndiyo maana mifano mingi humu ni ya Uingereza.

Jambo moja nitalirudia hadi mnichoke. Gari lina uzito, na uzito huo unahama kila unapogusa breki, mafuta au usukani. Ukifunga breki uzito unakwenda mbele, ukikanyaga mafuta uzito unarudi nyuma, ukikata kona unalalia matairi ya nje. Tairi lililoelemewa linashika barabara zaidi, lililopunguziwa mzigo linashika kidogo. Kazi yote ya dereva ni kuuhamisha mzigo huo bila kuushtua.

Siku ya uwanjani ni nini hasa? Ni mashindano?

Si mashindano. Unalipa, unaingia na gari lako mwenyewe, na unaendesha kwenye barabara isiyo na magari ya kuja mbele yako, watoto wala mashimo. Hapa Uingereza kupima muda wa mzunguko kumekatazwa karibu kila mahali, kwa sababu mkianza kupimana muda, kwa macho ya bima hayo tayari ni mashindano.

Asubuhi unaonyesha leseni, gari linapimwa sauti, kisha mnakaa kwenye mkutano wa usalama. Usiukose wala usichezee simu ndani yake. Baadaye mnatoka taratibu kwa mizunguko miwili mitatu bila kupitana, ili kila mtu auone uwanja. Kutoka hapo ama mnagawiwa vipindi vya dakika 15 au 20 kulingana na uzoefu, ama njia inaachwa wazi na kila mtu anaingia anapotaka. Kama ni mara yako ya kwanza, chagua vipindi. Utakuwa na wenzako wa kiwango chako na utalazimika kupumzika.

Kupita ni kwenye sehemu zilizonyooka tu, upande mtakaoambiwa asubuhi, na ni yule wa mbele anayempa ruhusa wa nyuma. Ukiona gari limejaa kwenye kioo chako, washa indiketa, punguza mafuta, mpishe. Kumpisha mtu si aibu hata kidogo, na ukishampisha unabaki na uwanja wako kwa utulivu.

Bendera zipi lazima nizijue kichwani?

Njano: kuna hatari mbele, punguza mwendo, usipite mtu. Nyekundu: kipindi kimesimamishwa, punguza na urudi piti, yaani pale pembeni ya uwanja magari yanapoingia kusimama. Bluu: kuna aliye na kasi zaidi nyuma yako. Nyeusi ukionyeshwa wewe: ingia piti ukazungumze na wasimamizi, pengine gari lako linavuja kitu. Yenye mistari ya njano na nyekundu: barabara inateleza, mara nyingi ni oili. Ya mirabaraba ya nyeusi na nyeupe: kipindi kimekwisha.

Gari langu ni la kwenda kazini na kubeba watoto. Litafaa?

Litafaa, mradi ni zima. Nimeona magari ya familia yakiendeshwa vizuri kuliko magari ya bei ya nyumba. Kagua pedi za breki, matairi, oili na maji, hakikisha hakuna kinachovuja, na kaza nati za magurudumu kwa spana ya kupimia nguvu. Pata pia pete ya kuvutia gari na uifunge mahali pake kabla hujaingia, ili ukikwama wasikutafutie pa kufunga kamba.

Sauti nayo ni shughuli. Viwanja vingi vya hapa vina kiwango cha desibeli 105. Wanapima gari likiwa limesimama, kipimo kikiwa nusu mita kutoka bomba la moshi, injini ikizunguka robo tatu ya uwezo wake. Vingine, kama Bedford Autodrome, ni wakali zaidi. Kama bomba lako si la kiwandani, soma masharti ya uwanja kabla hujalipa.

Kisha toa kila kitu ndani ya gari: zulia la miguuni, viti vya watoto, sarafu, chaja ya simu, na hasa chupa za maji. Chupa iliyolala chini ya kiti kwa miezi sita bila kuonekana itabingirika ukifunga breki ya kwanza ya nguvu, na mahali inapokimbilia ni chini ya kanyagio.

Bima ya kawaida ya barabarani kwa kawaida haigusi siku ya uwanjani. Soma mkataba wako neno kwa neno. Kuna bima za siku moja, lakini huwa na sehemu kubwa ya hasara ambayo unabeba mwenyewe. Kanuni yangu ni kwamba gari ambalo siwezi kumudu kulipoteza silipeleki.

Nina pesa kidogo. Nizitumie wapi kwanza?

Mafuta ya breki mapya, kisha pedi nzuri, kisha mwalimu, kisha matairi. Nguvu ya injini iache mwisho kabisa, au usiiguse maisha yako yote.

Wengi wananibishia kuhusu mwalimu. Mtu atanunua bomba la moshi la paundi 600 na kukataa kumlipa mwalimu kwa dakika 20 za kukaa naye kiti cha pembeni. Mwaka wangu wa kwanza nami nilikataa. Nilipokubali, kwa kipindi kimoja aliniondolea makosa mawili niliyokuwa nimeyazoesha mwili kwa miezi minane: nilikuwa nafunga breki polepole mwanzoni na kwa nguvu mwishoni, na nilikuwa naangalia boneti yangu. Bomba la moshi lisingenionyesha hayo.

Kanyagio la breki lilizama hadi karibu na sakafu. Breki zimekufa?

Pengine ni mafuta ya breki yamechemka. Gari la kilo 1,100 likipunguza kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 80, breki zake zinameza joto la kutosha kuchemsha lita mbili za maji ya chai. Hiyo ni kona moja. Fanya hivyo mara tatu kila mzunguko, mizunguko minane mfululizo, na joto lile halina pa kwenda ila kwenye diski, pedi, na mwisho mafuta.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabinyika ambapo mafuta hayabinyiki. Unakanyaga, unabinya mvuke, na gari linaendelea na safari yake.

Likikutokea, pampu kanyagio haraka mara kadhaa, rudisha gia, na ukitoka kwenye kona hiyo salama endesha taratibu kabisa hadi piti. Mafuta yakishachemka yabadilishe hata kama kanyagio limerudi juu baada ya kupoa. Wala usimimine DOT 5 ukidhani namba kubwa ni bora. Hiyo ni ya silikoni na haichanganyiki na hizi nyingine. Inayofuata kwa ubora katika jamii hii ni 5.1.

Kama kanyagio ni gumu kama kawaida lakini gari halisimami, hapo ni pedi zilizopata moto kupita uwezo wake. Utasikia harufu kali. Dawa ni pedi za kazi hiyo, pamoja na mizunguko michache kwa kila kipindi: mmoja wa kupasha moto, minne au mitano ya kazi, mmoja wa kupoza bila kugusa breki sana.

Ukirudi piti usivute handibreki. Pedi za moto zikibana mahali pamoja zinaweza kuganda kwenye diski. Liache kwenye gia na uweke jiwe au kigingi kwenye tairi.

Upepo wa matairi uwe ngapi?

Anza na kiwango cha mtengenezaji, kisha pima matairi yakiwa ya moto, punde tu unapoingia piti. Gari langu kiwandani limeandikwa paundi 26 kwa inchi ya mraba matairi yakiwa baridi. Baada ya dakika 15 za kazi naweza kukuta 32 au 33, tena tairi la mbele kushoto likiwa limewazidi wenzake, kwa kuwa Brands Hatch kona zake nyingi ni za kulia na uzito unalalia kushoto. Natoa upepo hadi yote yafike 29 au 30 yakiwa ya moto. Namba yako itakuwa nyingine. Iandike kwenye daftari pamoja na hali ya hewa, na usipunguze kupita kiasi tairi likawa linajikunja ubavuni.

Pitisha pia kiganja juu ya tairi. Kama bega la nje limekwanguka na katikati bado pazima, ama upepo ni mdogo, ama gurudumu limesimama wima mno kwenye kona, ama unalazimisha usukani. Chora mistari ya chaki kutoka ubavuni hadi kwenye uso wa tairi, zunguka mara tano, rudi uangalie chaki imefutika hadi wapi. Kipimo hicho hakigharimu kitu.

Nikae vipi na nishike usukani vipi?

Sogea mbele kuliko ulivyozoea. Ukiegemea kiti sawasawa na kunyoosha mkono juu ya usukani, kifundo cha mkono kifike kwenye ukingo wa juu wa usukani bila bega kutoka kitini. Goti liwe limekunjwa kidogo hata ukikanyaga breki hadi mwisho. Kaza mkanda na mguu wa kushoto uegemee pale pa kupumzishia. Ukining'inia kwenye usukani ili usianguke upande, mikono yako haitaweza kusikia tairi linasema nini.

Mikono iwe saa tatu na saa tisa. Hili nalipenda kwa sababu ukisoma saa kwa Kiswahili au kwa Kizungu, mikono inaangukia palepale.

Niangalie wapi?

Mbali, tena mbali zaidi ya hapo. Ukifunga breki, macho yawe yamekwisha kutoka kwenye alama ya breki na kufika apeksi, yaani pale gari litakapogusa ukingo wa ndani wa kona. Kabla hujafika apeksi, macho yawe kwenye njia ya kutokea. Druids pale Brands Hatch ni kona ya kugeuka karibu kurudi ulikotoka, kwa hiyo inabidi kugeuza kichwa chote na kutazama kupitia dirisha la pembeni. Abiria wangu wa kwanza alifikiri nimeacha kuitazama barabara.

Gari hufuata macho, na ubaya wake ni kwamba hufuata hata kwenye ukuta. Likianza kuteleza, tazama unakotaka kwenda.

Mstari sahihi wa kona ni upi?

Ule unaoinyoosha kona. Unaingia kutoka ukingo wa nje, unagusa ndani, unaliachia gari litoke hadi ukingo wa nje tena. Sababu yake ni hesabu: mwendo ambao tairi linaweza kuvumilia unategemea ukubwa wa duara unalopita. Kwa tairi zuri la kawaida kwenye lami kavu, duara la nusukipenyo cha mita 20 linakuruhusu kilomita 50 kwa saa hivi. Likitanuka kuwa mita 30 unaweza kupita kwa 61. Gari ni lile lile na matairi ni yale yale. Umetumia tu upana wa barabara ambao ulikwisha ulipia asubuhi.

Kwa anayeanza nasema: chelewa kugeuka. Ukigusa ndani mapema unajisikia hodari mwanzoni, halafu nusu ya pili ya kona barabara inakuishia na huna pa kwenda. Ukigusa ndani kwa kuchelewa, usukani unaanza kunyooka mapema na unaweza kukanyaga mafuta. Dalili ni rahisi: kama baada ya apeksi unalazimika kuongeza usukani, uliingia mapema. Kama unatoka kwenye kona na bado una mita mbili za lami upande wa nje hukuzitumia, basi ungeweza kuwa na mwendo zaidi.

Kona iliyo kabla ya sehemu ndefu iliyonyooka ndiyo ya kushughulikia kwanza. Clark Curve ndiyo inayokuingiza kwenye barabara ya mbele ya jukwaa pale Brands, na kilomita tatu kwa saa unazozipata hapo kwenye kutoka unaendelea nazo hadi Paddock Hill, kona inayofuata. Kona iliyobanwa kati ya kona mbili nyingine haikulipi hivyo.

Nifunge breki vipi? Nimeambiwa nichelewe.

Acha kwanza kufikiria kuchelewa. Fikiria umbo la mguu wako. Barabarani tumezoea kugusa breki kidogo, kuongeza, na kumalizia kwa nguvu. Uwanjani ni kinyume: kwa nguvu mwanzoni gari likiwa limenyooka na lina kasi, kisha unaachia kidogo kidogo kadiri kona inavyokaribia.

Ile nguvu ya mwanzo isiwe teke. Wape matairi ya mbele nafasi fupi sana, kama muda wa kutamka "moja", wapokee uzito, ndipo ubonyeze kwa kweli. Ukipiga teke, mfumo wa kuzuia magurudumu kufunga utaingia kabla uzito haujafika mbele.

Mwisho wa breki ndio wenye utamu, na ndio uliobadilisha uendeshaji wangu. Wengi huachia kanyagio ghafla na kugeuza usukani wakati huohuo. Uzito uliokuwa mbele unaruka nyuma, pua inainuka, na wewe ndiyo kwanza unaitaka pua ishike. Badala yake ondoa mguu taratibu huku ukiongeza usukani taratibu, mmoja ukishuka mwingine ukipanda. Tairi lina uwezo wake kamili mmoja, na unaugawa kati ya kusimama na kugeuka. Huupati wote mara mbili.

Pa kujifunzia ni Coram, pale Snetterton. Ni kona ndefu ya kulia, na mwisho wake unatakiwa kupunguza mwendo kwa ajili ya Murrays, inayokata kushoto, gari likiwa bado linageuka. Hakuna mahali pa kunyoosha gari ukafunga breki kwa raha. Nilizunguka pale siku nzima nikijaribu kuishusha breki vizuri. Ukikosea kwa ukali, gari linaning'inia upande. Ukipatia, linatulia chini kama mtu anayeketi, na unalisikia kwenye makalio kabla hujalisikia mikononi.

Alama ya breki iwe kitu kisichotembea: kibao cha mita, mwisho wa ukuta, ufa kwenye lami. Usitumie kivuli. Nilitumia kivuli cha kibao asubuhi moja, na saa nane mchana kilikuwa kimehama.

Nikiachia mafuta katikati ya kona, nyuma inanikimbia. Kwa nini?

Hili naliandika kwa uchungu. Paddock Hill ni kona ya kulia ya kwanza Brands Hatch. Unaingia bila kuona vizuri inakoishia, na katikati yake ardhi inaporomoka chini yako. Asubuhi moja ya Novemba, matairi yakiwa bado baridi, niliingia kwa kasi ambayo kwa kweli gari liliimudu, lakini tumbo langu halikuimudu. Mlima ulipoanguka nikaogopa, na mguu ukaruka kutoka kwenye mafuta wote kwa mara moja.

Uzito ulikwenda mbele. Nyuma ikawa nyepesi, kwenye mteremko, gari likiwa limelala upande. Mkia ukatoka. Nikatazama changarawe kule nje, na ndiko nilikokwenda, kinyumenyume, kokoto zikipiga mlangoni kama mvua juu ya bati. Hakuna kilichovunjika. Walinivuta kwa trekta, bendera nyekundu ikiwa juu, na wenzangu wote wakinisubiri.

Kosa halikuwa kasi, ni mguu. Ukijiona umezidisha katikati ya kona, punguza mafuta kidogo, usiyaachie yote, na usiguse breki. Shikilia usukani na macho yako. Mara nyingi gari lina uwezo zaidi kuliko moyo wako. Kama nyuma imekwisha toka, geuza usukani upande ule ambao mkia unakimbilia, na uwe tayari kuurudisha haraka gari likishika, la sivyo litakutupa upande wa pili. Ukiona huliwezi tena, kanyaga klachi na breki zote mbili hadi chini na uzishikilie mpaka gari lisimame kabisa.

Magari yanayovuta kwa mbele hufanya hivi pia, msidanganyike.

Langu halitoi mkia. Linakataa kukata kona, pua inakwenda moja kwa moja.

Kwanza angalia mikono yako. Ukiongeza usukani na gari haliongezi kugeuka, tairi la mbele limekwisha shindwa, na kuligeuza zaidi ni kulikwangua bure. Rudisha usukani kidogo, punguza mafuta kidogo, subiri pua ishike. Inataka imani, kwa sababu mwili unakuamuru ufanye kinyume.

Mara nyingi sababu ni kuingia na kasi nyingi au kukanyaga mafuta mapema. Wenye Subaru Impreza wanalijua hili: gari lina mvuto wa magurudumu yote manne, likitoka kwenye kona linakimbia kama mshale, basi mtu anakimbilia mafuta kabla pua haijaelekea. Anayevuta kwa mbele tatizo lake ni hilo mara mbili, maana matairi mawili yaleyale yanageuza na kuvuta. Ingia polepole zaidi, geuza gari mapema kwa msaada wa ule mwisho wa breki, kisha ukishanyoosha usukani ukanyage.

Lazima nijue kupigia mafuta kwa kisigino huku nafunga breki?

Kwa gia za mkono inasaidia, hasa gari la kuvuta kwa nyuma. Ukirudisha gia na kuachia klachi bila kupandisha injini, magurudumu ya nyuma yanashtuka na yanaweza kuteleza. Lakini si jambo la siku ya kwanza. Chelewesha kurudisha gia hadi kasi imeshuka, achia klachi polepole, na ujifunze huo mchezo wa mguu barabarani taratibu, njia ikiwa tupu. Kanyagio la breki lisibadilike uzito wakati kisigino kinagusa mafuta. Hilo ndilo gumu lake lote.

Nibadilishe springi na shokapu?

Kama shokapu zimechoka, ndiyo, weka nzima. Zaidi ya hapo, subiri uweze kurudia mzunguko mmoja mara kumi kwa namna ileile. Usipoweza, hutajua kilichobadilika ni gari au ni wewe.

Cha kwanza chenye faida ni alaimenti. Kuegemeza magurudumu ya mbele ndani kwa juu kidogo kunaliweka tairi bapa chini gari linapolala kwenye kona. Fundi mzuri anaifanya kwa saa moja, ikiwa gari lako linaruhusu marekebisho hayo. Kisha ile fimbo ya kuzuia gari kulala: ukiikaza ya mbele pua inakuwa nzito kugeuka, ukiikaza ya nyuma mkia unakuwa mwepesi kutoka. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nimewahi kubadilisha vitatu kwa pamoja, gari likawa baya, na sikujua niondoe kipi.

Kushusha gari hadi liguse barabara kwa ajili ya sura kunaharibu zaidi ya kinachotengeneza. Springi fupi zisizo na nafasi ya kushuka zinagonga mwisho katikati ya kona, na hapo gari linaruka ghafla bila kukuonya.

Nizime mfumo wa umeme unaozuia gari kuteleza?

Siku za mwanzo, usizime. Utumie kama mwalimu: kila taa yake inapowaka, jiulize mguu au mkono wako ulifanya nini kwa haraka. Siku itakapopita nzima ikiwaka mara chache, na mwalimu amekubali, jaribu kuuzima kwenye kona ya polepole yenye nafasi pana.

Mvua ikinyesha nirudi nyumbani?

Usirudi. Mvua ndiyo shule bora, na matairi yako hayatachakaa. Kila ninachosema kuhusu kuhamisha uzito utakisikia kwa nusu ya kasi. Ule mstari mzuri wa siku ya kiangazi unakuwa mtelezo, kwa sababu magari yameacha raba na oili pale, na raba iliyong'arishwa ikilowa ni kama sabuni. Tafuta lami mbichi, mara nyingi ni upande wa nje wa apeksi, na usikanyage kingo zilizopakwa rangi. Breki, usukani na mafuta, vyote viguse kana kwamba kuna yai chini ya kiatu.

Nitajuaje naendelea vizuri kama siruhusiwi kupima muda?

Utajua kwa mengi. Unasahihisha usukani mara chache katikati ya kona. Matairi yanachakaa sawasawa. Unajua, kabla hujafika, utatokea wapi. Abiria wako anaacha kushikilia mlango. Na ukitoka ndani ya gari huna jasho, ingawa umewapita waliokupita mwezi uliopita.

Mimi niko Nairobi, au Ghuba. Haya yananihusu?

Yanakuhusu. Dubai Autodrome iko wazi tangu 2004, ina urefu wa kilomita 5.39 katika umbo lake refu, na Yas Marina kule Abu Dhabi nayo hupokea madereva wa kawaida na magari yao. Tatizo lenu ni joto. Oili, maji na matairi vitachoka kabla yenu, basi nendeni miezi ya baridi au usiku, na vipindi viwe vifupi.

Kenya, mashindano ya autokrosi hufanyika juu ya vumbi, na nchi iliyoirudisha Safari Rally kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 haikosi watu wa kukufundisha. Kwenye vumbi gari huteleza kwa kasi ndogo, kwa hiyo unajifunza uzito unavyohama bila kulipia kwa matairi mapya. Waliolelewa kwenye murram wakifika lami wana mikono mitulivu kuliko sisi. Kinachowasumbua ni breki tu: lami inakupa uwezo wa kusimama ambao kwenye vumbi hauupati, na inachukua siku nzima kuuamini.

Barabara ya umma haimo kwenye jibu hili. Usifanyie mazoezi ya kasi kwenye barabara ya watu, hata saa tisa usiku.

Nimemaliza salama, narudi nyumbani na gari hilohilo. Kuna la kufanya?

Lipo, na watu wanalisahau kwa uchovu. Upepo ulioutoa matairi yakiwa ya moto, urudishe, kwa sababu yakipoa yatakuwa chini mno kwa barabara kuu. Angalia unene wa pedi kupitia rimu, kaza nati za magurudumu tena baada ya kupoa, pima oili. Kunywa maji, kula kitu, kaa nusu saa. Kilomita za kwanza barabarani macho yatakudanganya: kilomita 110 kwa saa itaonekana kama unatembea kwa miguu, kwa hiyo itazame saa ya mwendo mara kwa mara hadi akili irudi mahali pake.